Nguzo Yenye Panda: Ufundi wa Tembe la Wagogo na Nyumba za Mbao za Wachina

  

Ndugu msomaji, mwulize mwanafunzi yeyote: nyumba inasimama kwa kushikiliwa na nini? Wengi watajibu haraka kwamba inashikiliwa na kuta. Jibu hilo ni sahihi kwa nyumba nyingi za tofali tunazoziona leo hapa Buigiri, ambapo kenchi na bati vimelala juu ya ukuta. Ukuta ukianguka, paa linaanguka nao. Lakini jibu hilohilo ni kosa kwa tembe la babu zetu. Ni kosa pia kwa misikiti ya kale ya China, na ni kosa kwa msikiti wa kwanza wa Madina. Katika majengo hayo yote kazi ya kubeba paa ni ya mti. Jambo hili dogo ndilo nililokusudia kulieleza katika makala haya, kwa sababu vijana wengi hulitazama tembe kama rundo la udongo, nalo ni kazi ya useremala.

MSIKITI WA MADINA

Tuanze na tunachokijua kutoka darasani. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622, msikiti uliojengwa ulikuwa na kuta za matofali mabichi, nguzo zake zilikuwa vigogo vya mitende, na paa lake makuti ya mtende. Tumesoma katika Hadithi kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na Mtume (S.A.W.) akaonekana asubuhi na alama ya maji na udongo kwenye paji la uso wake kwa kusujudu. Mimbari yake ilichongwa na seremala kwa mti uitwao athl, uliokatwa porini karibu na Madina. Sayyidna Umar (R.A.) alipoupanua msikiti alifuata vifaa vilevile. Sayyidna Uthman (R.A.) ndiye aliyebadilisha: akaweka kuta na nguzo za mawe ya kuchonga, na paa la saaj. Neno hilo tunalo mpaka leo katika Kiswahili, ndiyo msaji.

Zingatia hapo: mtende ulitumika kwa sababu ndio mti wa Madina, na msaji ulifika baadaye, dola ilipokuwa imepanuka. Kila mahali mjenzi huanza na mti ulio karibu naye. Nasi tuje kwetu.

TEMBE LINAVYOJENGWA

Ugogo ni nchi kavu. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, vumbi na upepo. Majani marefu ya kuezekea ni haba, na yakipatikana ng'ombe nao wanayataka. Mgogo akajenga nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo, ikizunguka ua. Katika kaya kubwa tembe hupinda na kuzunguka pande zote za ua huo, mifugo hulala katikati, na kila mama wa nyumba ana sehemu yake. Zamani za uvamizi wa mifugo mpangilio huo ulikuwa pia ngome, maana mwizi alipaswa kupita mlangoni mwa watu ili amfikie ng'ombe.

Kazi inaanza porini. Fundi hatafuti mti mnene tu, anatafuta mti wenye panda. Nguzo ya tembe ni gogo lililokatwa juu kidogo ya mahali linapogawanyika mara mbili, ili ile panda ibaki kama kombeo. Upande wa chini unafukiwa ardhini, na boriti inalazwa ndani ya panda. Hakuna msumari, na mara nyingi hakuna hata kamba mahali hapo, kwa sababu uzito wenyewe unaibana boriti isitoke. Seremala wa mjini akitaka kuunga mti na mti huchukua patasi. Huyu wetu kiungo chake kimeshaota mtini, na ufundi wake ni kukitambua. Panda iliyo wazi mno itapasuka, na iliyobana mno haitaipokea boriti. Panda yenye tawi moja jembamba kuliko jingine nayo itaelemea upande. Kwa hiyo mzee anaweza kuzunguka mti mara tatu, kisha akauacha na kwenda zake, nawe kijana usione sababu.

Mti gani? Kwa nguzo zinazogusa ardhi adui ni mchwa, basi huchaguliwa mti wenye moyo mgumu. Mpingo unasifiwa kwa hilo, kwa sababu ule moyo wake mweusi mchwa hauwezi. Sehemu nyeupe ya nje ikiliwa, moyo unabaki umesimama. Boriti zinahitaji kunyooka kuliko kudumu, kwa kuwa ziko juu, pakavu. Juu ya boriti hupangwa miti myembamba, na juu yake fito zilizobanana. Mkole unapendwa kwa fito kwa vile unapindika bila kuvunjika. Penye kuhitaji kufunga, kamba ni za gome la mbuyu, na mibuyu kwetu haikupungua. Kisha hutandazwa majani au magome ili udongo usichuruzike, na mwisho udongo wenyewe, unaomwagwa, kuloweshwa na kushindiliwa kwa mteremko mdogo ili maji yasituame.

Kuta huja baadaye. Hizi ni fito zilizosimamishwa kati ya nguzo na kukandikwa udongo, mara nyingi ukiwa umechanganywa na samadi ya ng'ombe. Kwa desturi wanaume hukata na kusimamisha miti, na kinamama hukandika. Ukikuta tembe ambalo halijakandikwa utaona ajabu: paa lipo, limebeba udongo wake wote, na chini ni nguzo tupu. Kuta zikishafika hazibebi chochote. Kazi yake ni kuzuia upepo, jua na fisi.

HESABU KIDOGO

Wanafunzi wa hesabu wachukue daftari. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, chenye udongo wa sentimita 15 juu ya paa. Eneo ni mita za mraba 12, na ujazo wa udongo ni mita za ujazo 1.8. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ulioshindiliwa ina uzito wa tani 1.6 hivi. Kwa hiyo juu ya vichwa vya watu waliolala pana karibu tani 3, yaani mzigo wa pikapu tatu. Bati za kufunika chumba hichohicho hazifiki kilo 50.

Sasa gawanya. Kama chumba kina nguzo 12 na zote zingebeba sawasawa, kila moja ingechukua kilo 240, sawa na mifuko mitano ya saruji kasoro kidogo. Lakini hazibebi sawasawa. Nguzo za katikati hupokea mzigo kutoka pande zote mbili, na za pembeni upande mmoja tu. Fundi hakuwahi kuandika hesabu hiyo, ila ukimtazama utaona nguzo nene kabisa ameziweka katikati. Na udongo ukinywa maji sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake, paa linaongezeka karibu kilo 300 kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu tembe halipendi mvua ndefu isiyokatika, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Ndiyo sababu pia nguzo husogezwa karibu karibu, na vyumba vyake ni vyembamba.

Uzito huo una malipo yake. Udongo mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Mchana wa Oktoba ndani ya tembe kuna ubaridi, na usiku wa Julai, baridi ya Dodoma inapouma, paa linarudisha joto lililolinyonya mchana. Aliyelala chini ya bati bila dari anaijua tofauti hiyo. Juu ya paa hilohilo hutandazwa nafaka na mboga zikauke.

WACHINA NAO

Utauliza, Wachina wanaingiaje hapa? Wanaingia kwa sababu wao ndio watu walioichukua kanuni hiyohiyo ya nguzo na boriti wakaifikisha mbali kuliko karibu taifa lolote. Wana hata msemo wa kwamba ukuta huanguka na nyumba isianguke. Mgogo angeuelewa bila mkalimani.

Katika nyumba ya jadi ya Kichina hutangulia kusimamishwa mifupa ya mbao, nguzo, boriti na pau, na baada ya hapo ndipo nafasi zilizo kati yake huzibwa kwa tofali, udongo au mbao. Viungo ni vya ulimi na tundu: mti mmoja unachongwa ulimi, mwingine unatobolewa tundu la kipimo hicho, na vinashikana bila msumari. Paa lao ni la vigae vizito, nalo limejitokeza mbali nje ya ukuta ili mvua isiilowanishe mbao. Mzigo huo unaoning'inia nje unataka msaada. Basi juu ya kila nguzo wao hupanga vipande vifupi vya mbao vilivyopandana na kupishana, kila tabaka likitoka nje zaidi ya lile la chini, mfano wa viganja viwili vilivyofunguliwa kupokea dua. Vipande hivyo hukusanya uzito wa paa kutoka eneo pana na kuushusha kwenye nguzo moja.

Kwa maoni yangu hiyo ni panda. Mgogo aliipata mtini, Mchina akaichonga. Kazi ya vyote viwili ni moja, kufanya kichwa cha nguzo kiwe kipana kuliko nguzo yenyewe ili boriti ipate pa kukaa. Yeye hakuwa na haja ya kuzunguka porini akitafuta mti uliogawanyika, kwa sababu alitumia miti iliyonyooka, misonobari na jamii yake, na alikuwa na misumeno, patasi na watu wengi. Tena alikuwa na kitabu. Mwaka 1103 kilichapishwa kitabu cha kanuni za ujenzi kiitwacho Yingzao Fashi, kilichoandikwa na ofisa mmoja wa ufalme wa Song, jina lake Li Jie. Ndani yake kipimo cha mbao kimegawanywa katika ngazi 8. Ukishachagua ngazi kulingana na ukubwa wa jengo, vipimo vya sehemu nyingine hufuata kutoka hapo. Faida mojawapo ilikuwa kwamba serikali iliweza kukisia gharama mapema na fundi asiweze kuidanganya.

Majengo yenyewe yanashuhudia. Ukumbi mkubwa wa hekalu la Foguang katika jimbo la Shanxi ulijengwa mwaka 857 na bado upo. Katika jimbo hilohilo, huko Yingxian, upo mnara wa mbao wa mwaka 1056 wenye urefu wa mita 67 hivi, ambao umepita katika matetemeko mengi ya ardhi. Kiungo cha ulimi na tundu hucheza kidogo ardhi inapotikisika, kisha hurudi mahali pake, wakati ukuta mkavu wa tofali hupasuka. Sisi wa Dodoma tunaoishi jirani na Bonde la Ufa tuna sababu ya kulitafakari hilo. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufundi huo wa Kichina katika orodha ya urithi wa binadamu. Kilichoandikwa katika orodha hiyo ni ujuzi wa mafundi wenyewe.

MTI HUFUATA NCHI

Isidhaniwe kwamba China yote hujenga namna moja. Beijing wana nyumba za chini zinazozunguka ua pande nne, mpangilio ambao mtu wa Buigiri ataufahamu mara moja. Kusini, watu wa kabila la Dong hujenga minara na madaraja yenye mapaa, yote kwa mbao za misonobari ya milima yao.

Waislamu wa huko nao walijenga kwa ufundi wa nchi yao. Msikiti Mkuu wa Xi'an, ambao majengo yake ya sasa yalianza kujengwa mwaka 1392, hauna kuba wala mnara mrefu. Unapita ua baada ya ua, na mahali pa mnara lipo banda zuri la mbao lenye pembe nane na mapaa yaliyopandana. Ukumbi wa sala una nguzo za mbao na vigae vya rangi ya samawati, na ndani aya za Qur'ani zimechongwa kwenye mbao. Kibla chao ni magharibi, kwa hiyo ua zote zimenyooshwa kuelekea huko. Mgeni anayepita nje anaweza kudhani ni hekalu la Kichina, mpaka asikie adhana.

Na kwetu Afrika Mashariki ni vivyo hivyo. Pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar na Kilwa, nyumba za mawe zimeezekwa kwa boriti za mikoko. Mkoko mnyoofu hautoi kwa urahisi boriti ndefu, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu hata vikiwa virefu namna gani. Mti ndio uliopima chumba. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ni adimu, na vyumba vya huko vikapata upana uleule.

Bara, tembe si la Wagogo peke yao. Warangi wa Kondoa wanalo, na Wanyaturu, na Wahehe. Wairaqw walilichimbia ubavuni mwa kilima hata paa likawa karibu usawa wa ardhi. Waarabu na Waswahili wa misafara walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hawakujenga nyumba za mawe kama za Unguja. Walijenga tembe, wakalipanua, wakalitia baraza na mlango wa kuchonga wa mtindo wa pwani. Moja lipo Kwihara kama makumbusho; ndilo walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Pale unakuta useremala wa pwani na useremala wa bara katika ukuta mmoja.

KWA NINI LINATOWEKA

Miaka ya 1970 na 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha watu wa Ugogo kutoka kaya zilizotawanyika kwenda vijijini. Jirani zetu wa Chamwino walikuwa kijiji cha mfano, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali pale. Wito ulikuwa nyumba bora, na nyumba bora maana yake ikawa tofali na bati. Kaya ya zamani, pana, yenye ua wa ng'ombe, haikuenea katika kiwanja cha kijiji.

Tuwe waadilifu, tembe lina aibu zake. Ni la giza na hujaa moshi. Paa linadai kutengenezwa kila mwaka kabla ya masika, na mzigo mkubwa wa kukandika huwaangukia kinamama. Katika nyufa za sakafu na kuta hukaa papasi, na homa ya papasi imewatesa watu wa Ugogo miaka mingi, hasa watoto na waja wazito. Mzazi aliyetoka katika tembe akaenda kwenye nyumba ya tofali yenye sakafu ya saruji hakufanya ujinga, na hakuna anayepaswa kumlaumu.

Linalosikitisha ni jingine. Magonjwa na moshi vimo katika ukuta, sakafu na dirisha lisilokuwepo. Mifupa ya mbao haikuwa na kosa. Ingewezekana kabisa kubaki na nguzo na boriti, kukawekwa sakafu ya saruji, madirisha mapana na lipu isiyo na nyufa. Hata gorofa za zege zinazoota kila siku jijini Dodoma ni nguzo na boriti, na tofali zake ni za kuziba tu kama fito za bibi yako. Mhandisi anayezisimamia amesoma miaka minne kulijua jambo hilo. Lakini sisi tuliachana na tembe zima kwa pamoja, na kijana akaona haya kusema kwamba babu yake alikuwa fundi.

Wakati huohuo miti yenyewe imekwenda. Mji umekua, mahitaji ya mkaa yamekua, na mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa nguzo. Fundi wa tembe asiye na pori ni kama mwalimu asiye na ubao, kwani ujuzi wake wote ulikuwa katika kuchagua mti. Mchina aliyepoteza fundi wake anaweza kufungua kitabu cha 1103 akaanza upya, ingawa kwa taabu. Wetu hakuandika. Alichonacho kimo kichwani na katika viganja vyake, na umri wake umekwenda.

Basi mwanafunzi mwenye babu au bibi aliyejenga, chukua kalamu likizo hii. Usimwulize habari za mila kwa jumla, atakujibu kwa jumla. Mwulize nguzo ya katikati aliikata mti gani na pori lipi, kwa Kigogo unaitwaje, na kwa nini aliuacha ule mwingine. Mwulize alipima kwa shibiri, kwa mkono au kwa hatua. Kama tembe bado lipo, ingia na utepe, pima umbali kutoka nguzo hadi nguzo, uandike. Gonga nguzo kwa fimbo karibu na ardhi: ikilia kavu na nzito, moyo ni mzima, ikilia tupu, mchwa wameshaingia.

Na kama tembe linabomolewa kupisha nyumba ya tofali, simama utazame wanavyolishusha. Udongo hutangulia, kisha fito, kisha boriti. Nguzo za mpingo hung'olewa mwisho, na wenye busara hawazitupi motoni. Utaziona zizini zikishikilia lango la ng'ombe, au zimebeba kibanda cha jiko nyuma ya nyumba mpya, panda yake ikiwa juu na boriti nyingine ndani yake.